Kuhifadhi na Kusafisha: Historia Fupi ya Sauti za Pwani ya Kusini ya Kenya

Mtaalamu wa lugha anapokabidhiwa kanda kuukuu huwa mbele yake pana kazi mbili ambazo aghalabu huchanganywa: kuihifadhi sauti na kuisafisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hizo ni mbalimbali, na kwamba ya pili ikitangulia huweza kuibatilisha ya kwanza.

Ukanda wa Kwale, kutoka Diani kupitia Msambweni hadi Vanga, una utajiri mkubwa wa lugha. Humo mna Chidigo, lugha ya wenye ngoma ya sengenya na nzumari yake. Humo pia mna lahaja mbili za Kiswahili, Chifundi na Kivumba. H. E. Lambert alichapisha uchunguzi wake juu ya Kivumba mwaka 1957, na juu ya Chifundi mwaka 1958. Maandishi hayo yamehifadhi sarufi na msamiati, lakini herufi haziwezi kubeba sauti ya msemaji mwenyewe.

Chombo cha kuinasa sauti kilikuwa kimekwisha kuwafikia waimbaji wa Kiswahili kabla ya hapo. Siti binti Saad wa Unguja alirekodiwa Bombay mwaka 1928. Hata hivyo, upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua yapata dakika tatu tu, na wimbo mrefu haukuenea. Kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, iliondoa kikwazo hicho, na taarabu ya harusini ikaweza kunaswa kwa urefu wake. Mjini Mombasa, duka la Mbwana Radio Service lilijulikana kwa kaseti za namna hiyo. Lakini kila kaseti iliponakiliwa kutoka kaseti nyingine, mvumo ulizidi na sauti nyembamba zikafifia.

Yafaa hali hiyo ilinganishwe na muziki wa awali wa kompyuta. Mwaka 1987 Karsten Obarski alitoa Ultimate Soundtracker, programu ya kompyuta ya Amiga iliyoanzisha aina ya programu ziitwazo treka. Faili ya treka haihifadhi wimbo uliokwisha kupigwa. Huhifadhi vipande vifupi vya sauti, pamoja na maagizo ya kipi kilie, lini, na kwa kimo gani, katika njia nne. Kwa hiyo anayeufufua wimbo huo leo anaweza kuisafisha kila njia peke yake, na akikosea, maagizo ya mtunzi yangalipo. Kaseti haina fursa hiyo. Ndani yake mwimbaji, ngoma, vigelegele na mvumo wa ukanda vimeshikamana kuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopaswa kutahadhari. Programu nyingi za kusafisha hupima mvumo mahali palipo kimya, kisha huupunguza katika kanda nzima. Lakini vikwamizo kama /s/ na /f/, pamoja na mpumuo unaofuata vipasuo, navyo kwa asili yake ni mivumo, na sehemu kubwa ya nguvu ya /s/ imo juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Katika Kimvita, paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo. Paa la nyumba halina. Mpumuo ukifutwa, msikilizaji atafurahia kanda safi, naye mtafiti atakuwa amepoteza ushahidi wa tofauti hiyo.

Haina maana kwamba kusafisha kukatazwe. Mwaka 2007 Topic Records, kwa ushirikiano na British Library, ilitoa mkusanyo *Poetry and Languid Charm*, wa nyimbo za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950, na kwa njia hiyo santuri adimu zikawafikia wasikilizaji wapya. La msingi ni utaratibu. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza nakala ya kwanza ichukuliwe bila kurekebishwa, kwa vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde, kila kimoja cha biti 24. Nakala hiyo iwekwe, na usafishaji ufanywe juu ya nakala nyingine.

Kwa kaseti za Msambweni na Diani jambo hili halingoji. Ukanda huchakaa, vinasa sauti vya kaseti vinaadimika, na wazee wanaoweza kueleza neno lililofunikwa na ngoma wanapungua. Nakala isiyosafishwa, ikisikilizwa pamoja nao wangali hai, ndiyo itakayompa mtafiti wa kesho ushahidi wa kutegemewa.