Salamu zisizamishwe: Jinsi ya kudhibiti jumbe zisizohitajika katika makundi ya wasalimiaji

USALIMIAJI wa redioni ni miongoni mwa burudani zilizokita mizizi nchini tangu enzi za Sauti ya Kenya, kituo ambacho mwaka wa 1989 kiligeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC). Msalimiaji hununua kadi, huandika majina ya jamaa na marafiki anaotaka kuwajulia hali, naye mtangazaji huyasoma hewani baina ya nyimbo. Kutokana na mazoea hayo vilizuka vyama vya wasalimiaji, watu wanaojuana kwa lakabu zaidi ya majina waliyopewa na wazazi.

Siku hizi vyama hivyo aghalabu hukutana pia katika makundi ya WhatsApp. Kundi moja laweza kuwaleta pamoja wakazi wa Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Bungoma mjini. Humo hupashana habari za vipindi na za mikutano yao. Humo humo, hata hivyo, hupenya matangazo ya mikopo, kampeni za siasa, vichekesho na uzushi, hadi salamu zenyewe zikazama.

CHUJIO LILILOTOWEKA

Enzi za kadi, chujio lilikuwapo. Kadi ilikuwa na nafasi chache, ilinunuliwa kwa pesa, na haikufika hewani kabla ya kupita mikononi mwa mtangazaji. Tusi au tangazo la biashara lililojificha ndani ya salamu liliweza kuachwa mezani. Si ajabu kwamba adabu ilipewa uzito redioni: marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 7, 2025, alianzisha mwaka wa 1966 kipindi cha 'Je, Huu ni Ungwana?' kilichopima mienendo ya watu ya kila siku.

Kundi la simu halina mtu huyo wa kati. Kila mwanachama ni mtangazaji. Anayetuma haoni gharama, ilhali wanaopokea ndio wanaolipa kwa bando, kwa nafasi ya simu na kwa wakati wao.

AINA TATU ZA UJUMBE

Jumbe zisizohitajika ni za aina tatu, na kila aina ina dawa yake.

Ya kwanza ni biashara na utapeli. Nambari za wanachama huonekana na kila aliyemo, kwa hivyo tapeli akishaingia huweza kuzichukua na kuwaandama watu mmoja mmoja. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 hairuhusu mtu kutumia habari za mwenzake kwa biashara bila idhini yake. Mteja wa Safaricom anayepokea ujumbe mfupi wa kitapeli anaweza kuupeleka kwa nambari 333 bila malipo.

Ya pili ni uchochezi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jumbe fupi za chuki zilisambaa kwa simu, na mapema mwaka wa 2008 uwanja wa maonyesho wa Kitale uligeuka kuwa kambi ya waliotoroka makwao. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyopitishwa mwaka huo wa 2008, inamwekea anayeeneza chuki za kikabila faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka 3, au adhabu zote mbili. Mnamo Julai 2017, tume inayosimamia sheria hiyo pamoja na Mamlaka ya Mawasiliano zilitoa mwongozo uliowatwika wasimamizi wa majukwaa ya mitandao ya kijamii jukumu la kudhibiti yanayoandikwa humo kuhusu siasa. Ujumbe wa aina hii hauhitaji mjadala. Ufutwe mara moja, na aliyeutuma aelezwe sababu.

Aina ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, maana haina ubaya wowote. Ni tangazo la msiba, ombi la mchango wa hospitali, au dua ya asubuhi. Nani atathubutu kufuta tangazo la kifo cha mama wa mwenzake? Hata hivyo, tuchukue kundi la watu 200. Mmoja akifiwa na wengine wote waandike "pole", jumbe 199 zitafuata. Tangazo la siku na mahali pa mazishi litafunikwa, na anayeumia kwanza ni mfiwa mwenyewe, kwa kuwa wenzake hawataliona.

HATUA ZA KUCHUKUA

Kwanza, kanuni ziandikwe kabla ya ugomvi kuzuka. Zitosheke kwa mistari michache, ziwekwe katika maelezo ya kundi, na kila mgeni asomewe. Kanuni inayotungwa baada ya kosa huonekana kama fimbo iliyokatiwa mtu mmoja.

Pili, msiba upewe njia yake. Mtu mmoja atoe tangazo lenye jina la mfiwa, mahali, siku na nambari ya mweka hazina. Pole zipelekwe kwa mfiwa moja kwa moja, na michango iwe na kundi lake la muda.

Tatu, vifaa vilivyopo vitumike. Tangu mwaka wa 2018 msimamizi anaweza kuamua kwamba wasimamizi pekee ndio watakaoandika kwa muda fulani, jambo linalofaa nyakati za kampeni. Tangu 2022 anaweza pia kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote usionekane na wote. Mwanachama naye anaweza kuchagua ni nani awezaye kumwingiza katika kundi.

Nne, onyo litolewe faraghani. Mzee akirudiwa mbele ya vijana, hata kama amekosea, kundi zima litaona aibu badala ya funzo. Afutiwe ujumbe, apigiwe simu, akumbushwe kanuni kwa heshima. Kuondolewa kuwe hatua ya mwisho, baada ya maonyo yanayojulikana idadi yake, na kuamuliwe na wasimamizi wasiopungua wawili.

Tano, wasimamizi wasitoke upande mmoja. Trans Nzoia na Bungoma ni makao ya Wabukusu, Wasabaot, Wateso, Wakikuyu, Waturkana na wengineo. Msimamizi wa jamii moja akifuta ujumbe wa mtu wa jamii nyingine, haki yake yaweza kusomwa kuwa upendeleo. Wakiwa wa jamii mbalimbali, shaka hiyo hupungua.

Kubwa la kukumbuka ni kwamba kinachofutwa ni ujumbe, wala si mtu. Wasalimiaji wengi hujuliana hali kwa miaka kabla ya kuonana ana kwa ana, na salamu hizo ndizo hugeuka kuwa mchango, mwaliko wa harusi au kitanda cha kulala safarini. Kundi likishachafuka, wastaarabu hutoka kimyakimya bila kuaga, na waliobaki huwa ni wauzaji wanaouziana.