Majina nyuma ya picha

Vijana wenzangu, wiki hii sileti historia ya kitabuni. Naleta ya kwenye sanduku la koko wangu, hapa hapa Gihosha.

Mna picha kama sitini. Alipokimbia Uvira mwaka 2004 alizifunga ndani ya kitenge, akafika nazo Bujumbura, akaziacha kwa jamaa kabla hajapelekwa kambini Gatumba. Ndiyo maana bado zipo. Sisi wajukuu tulikuwa tunazitazama upande wa mbele tu, tunacheka nywele na suruali za bodaboda za zamani. Siku hizi nimejifunza kuzigeuza.

Chukua ile ya zamani kuliko zote, nyeusi na nyeupe. Nyuma kuna muhuri wa studio, na chini yake neno Usumbura. Tarehe hakuna. Lakini Usumbura lilikuwa jina la huu mji wakati wa Wabelgiji. Na uhuru wa 1962 ndiyo likaja Bujumbura. Basi muhuri umekupa umri wa picha. Ukikuta Costermansville, hiyo ni Bukavu ya wakoloni, kabla ya katikati ya miaka ya 1950. Ukikuta mtu ameandika Zaïre, uko kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997.

Hata majina ya watu yana tarehe. Kuna kijana yuko kwenye picha mbili. Ya kwanza nyuma ameandikwa Joseph, ya pili ana jina lingine kabisa. Mimi nilisema ni watu wawili wanaofanana. Koko akacheka mpaka akakohoa. Eti mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kizungu, kila mtu akatafuta la nyumbani, na Mobutu mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré, akajiita Sese Seko. Kijana ni yule yule.

Sasa kitu kilichonisumbua ni hiki: maandishi ya zamani yanasomeka vizuri, ya karibuni ndiyo yamefutika. Juu ya nini? Kumbe ni karatasi. Picha za zamani zilichapwa kwenye karatasi ya kweli, inayonyonya wino, na wazee wengi waliandika na kreyo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 na miaka ya 1970 viwanda vikaanza kufunika karatasi ya picha na plastiki pande zote mbili, ili isafishwe na kukauka haraka. Picha karibu zote za rangi za wazazi wetu ni za hiyo. Biki ikipita pale, wino hauingii. Unakaa juu, unangoja kidole au picha nyingine.

Najua kwa sababu nimeharibu. Kuna picha moja tu ya mama mdogo wangu, ya rangi, amevaa gauni la njano. Aliuawa Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, pamoja na watu zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge. Nilitaka majina yote yaandikwe kabla koko hajasahau. Nikachukua biki, nikaandika haraka haraka, nikapanga picha moja juu ya nyingine. Kesho yake nilikuta jina la mtu mwingine limejichapa kinyume kwenye shavu lake. Nilipofuta na kitambaa chenye maji, likawa wingu la bluu.

Koko hakunigombeza. Alisema tu, "Hii biki yenu iko na haraka kama wewe."

Tangu hapo tunafanya polepole. Kwanza nagusa mgongo wa picha. Kama unakwaruza kidogo kama karatasi ya daftari, natumia kreyo laini, juu ya meza ngumu, bila kukandamiza. Ukikandamiza, herufi zinatokeza mbele. Kwa hiyo siandiki nyuma ya uso wa mtu, naandika pembeni, chini. Kama mgongo unateleza, kreyo haishiki; hapo natumia kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, ile watu waliandikia CD. Nayo naijaribu kwanza kwenye picha iliyoharibika. Kisha kila picha inalala peke yake, uso chini, kwenye kitambaa safi, na siigusi mpaka jioni. Ninapozipanga, naweka karatasi nyeupe katikati. Gundi na skochi hapana, zinaacha madoa.

Na zile ambazo naogopa kabisa kuzigusa siziandiki. Naweka namba kwenye bahasha, na majina yanaenda kwenye daftari: nani, wapi, nani aliniambia. Hilo la mwisho msilidharau, maana koko na kaka yake wanabishana juu ya harusi moja ya Uvira, na nimeandika maneno ya wote wawili.

Picha ya mama mdogo iko kwenye bahasha namba 1. Doa halikutoka. Uso bado unaonekana.

Zimebaki kumi na saba, na katika hizo kuna wanaume watatu wamesimama mbele ya lori ambao koko anasema anawajua, majina tu ndiyo hayaji. Kesho jioni tutajaribu tena, akiamka vizuri.