Hesabu Zinazotafuta Ufa Usioonekana

Mnunuzi makini wa chungu katika soko kama la Nyakoe, kando ya barabara ya Kisii kwenda Kisumu, hukigonga na kutega sikio. Kikitoa mlio mkavu, anakirudisha. Sikio limemwambia kina ufa. Halijamwambia uko wapi. Wahandisi walihangaika na swali hilo la pili kwa miongo mingi.

Mwaka 1920 Mwingereza Alan Griffith, akipima glasi, alieleza kwa nini ufa mdogo huangusha kitu imara: kila ukirefuka huachilia nishati iliyojibana ndani ya kitu hicho, na nishati hiyo ikizidi kiasi fulani, ufa hukimbia wenyewe. Mwaka 1944 Philip Kirmser wa Marekani alichunguza jinsi mkato unavyopunguza kasi ya mtetemo wa boriti.

Jibu lenyewe lilianza kupatikana 1979, Bristol, Uingereza. Boriti ikigongwa hutetema kwa namna kadhaa kwa wakati mmoja. Ufa ulioko pale inapojikunja sana hushusha kasi ya mtetemo huo. Ulioko pale isipojikunja hauugusi. Peter Cawley na Robert Adams walitambua kwamba ukilinganisha upungufu wa mitetemo miwili, uwiano unategemea mahali pa ufa, si ukubwa wake. Kompyuta ikakigawa kitu katika vipande vidogo, ikadhoofisha kimoja baada ya kingine, hadi hesabu ikakaribiana na vipimo. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, ingawa boriti yenye pande mbili zinazofanana haisemi kama ufa uko kushoto au kulia, na joto la mchana laweza kubadili mitetemo ya daraja kuliko ufa mdogo.

Wakati mwingine hatari hujulikana bila hesabu hizo. Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita liliporomoka usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshatangazwa kuwa halifai kukaliwa. Hakuna kompyuta ambayo ingewaokoa wale, walihitaji kuhamishwa.

Lakini ghorofa zinazopanda leo kwenye miteremko ya mji wa Kisii bado zina nafasi. Hesabu za Bristol huanza na vipimo vya kitu kikiwa kizima, na vipimo hivyo huchukuliwa jengo likiwa jipya, kabla wapangaji hawajaingia.