Wafuliiru wa Uvira: kilimo, kanisa na lugha

Wafuliiru wanaishi kaskazini na kaskazini-magharibi mwa mji wa Uvira, Kivu ya Kusini, kuanzia uwanda wa Ruzizi hadi milima ya Lemera, makao makuu ya utawala wao wa jadi. Mtawala wao huitwa mwami, naye hutoka katika ukoo wa Wahamba. Majirani zao wa ufukoni ni Wavira, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kifuliiru.

Ni watu wa jembe. Milimani hulima maharage, mahindi na ndizi. Uwandani, kwenye joto, hustawi muhogo na mpunga. Kazi ya muhogo huwaelemea zaidi wanawake: huung'oa, huumenya, huuloweka siku kadhaa hadi ulainike, huuanika juani, kisha huusaga kupata unga wa bugali. Majani yake, yaani sombe, hutwangwa kinuni na kupikwa kwa mawese, na zikipatikana ndagala za Tanganyika mlo umetimia. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliwalazimisha wakulima wa uwandani kulima pamba, zao lisiloliwa, kwa bei iliyopangwa na wakubwa. Uchungu wa miaka hiyo ulichangia kuwaingiza wengi katika uasi wa 1964, ambao mwezi wa Mei uliuteka mji wa Uvira.

Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na kazi yao ndiyo iliyozaa kanisa la CEPAC. Kwa upande wa Wakatoliki, jimbo la Uvira liliundwa mwaka 1962. Huko Lemera Waswidi walijenga hospitali iliyowahudumia watu wa milimani na uwandani. Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alianzia kazi hapo mwaka 1983. Tarehe 6 Oktoba 1996, vita vilipoanza mashariki mwa Kongo, hospitali hiyo ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi wao. Jeraha hilo halijasahaulika Lemera.

Injili ililetwa kwa Kiswahili, lugha iliyokwisha kuenea ufukoni tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Njia hiyo iliwaunganisha Wafuliiru, Wavira na Wabembe katika ibada moja, na hilo ni jambo jema. Lakini Kifuliiru kililipa gharama: Biblia, nyimbo na mahubiri vikawa vya Kiswahili, shule ikachukua Kifaransa, na lugha ya mama ikaachiwa shamba, jikoni na hadithi za jioni. Kuiandika nako si kazi nyepesi, kwa sababu urefu wa irabu na toni hubadili maana ya neno. Wanaisimu Karen na Roger Van Otterloo waliifanya kazi hiyo miaka mingi pamoja na Wafuliiru wenyewe, na sarufi yao ya juzuu mbili ilichapishwa mwaka 2011.