Bomba lililofungwa Middlesex: miaka 60 ya tiba ya OCD

Anayepita leo Mtaa wa Mortimer, katikati ya London, haioni tena Hospitali ya Middlesex. Ilifungwa mwaka 2005, ikabomolewa miaka mitatu baadaye, na uwanja wake sasa una maghorofa ya makazi na ofisi. Kilichonusurika ni kikanisa kilichokuwa ndani ya hospitali na kipande cha ukuta wa mbele. Kwa wanaougua OCD, ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia, palipobomolewa ndipo tiba yao ilipozaliwa. Mwaka huu wa 2026 imetimia miaka 60 tangu mwanasaikolojia wa hospitali hiyo, Victor Meyer, alipochapisha habari za wagonjwa wake wawili katika jarida la Behaviour Research and Therapy.

OCD si kupenda usafi, kama inavyotajwa siku hizi kwa mzaha. Mgonjwa hushikwa na wazo asilolitaka: mkono una najisi, jiko la gesi halikuzimwa, atamdhuru mwanawe mwenyewe. Hofu ikimzidi hufanya tendo la kuituliza. Ananawa, anarudi kukagua, anahesabu, anarudia dua. Nafuu huja kwa dakika chache, kisha hofu hurudi na kudai tendo lilelile tena. Wanaoswali jamaa huko pwani wamewahi kumwona mtu wa namna hii. Yuko kwenye bomba la udhu tangu adhana, kiwiko kimoja anakiosha mara ya saba, ya nane, anatia shaka, anaanza upya kutoka viganjani, na wenzake ndani wameshatoa salamu. Anajua kwamba ameosha, na kujua huko hakumsaidii kitu.

Vitabu vingi vya Ulaya huanza historia hii mwaka 1838, kwa daktari Mfaransa Esquirol. Mimi naianza mbali zaidi, na ninaweza kufanya hivyo kwa sababu ya Msudani mmoja, Malik Badri, mwanasaikolojia aliyefariki mwaka 2021. Ndiye aliyetafsiri kwa Kiingereza, katika toleo la mwaka 2013, sehemu ya nafsi ya kitabu cha Abu Zayd al-Balkhi, msomi aliyezaliwa katikati ya karne ya 9 karibu na Balkh, Afghanistan ya leo. Sura ya mwisho ya sehemu hiyo inahusu wasiwasi unaong'ang'ania moyoni. Al-Balkhi anamshauri mgonjwa asikae peke yake, asikae bila shughuli, atafute watu wa kumshauri, na ayajibu mawazo kwa mawazo. Mwaka 2015 watafiti Rania Awaad na Sara Ali waliyalinganisha maelezo yake na vigezo vya madaktari wa akili wa Marekani, wakakuta yanashabihiana mno. Na Badri huyohuyo alipata cheti chake cha saikolojia ya tiba mwaka 1967, katika chuo cha udaktari cha Hospitali ya Middlesex.

Karne za katikati zina mengi, lakini hazikuleta tiba. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima ya kuwakemea wenye wasiwasi wa twahara. Mapadri wa Ulaya walihangaika na waumini waliotubu dhambi ileile kila siku. Daktari Westphal wa Ujerumani aliutenga ugonjwa huu na wendawazimu mwaka 1877, na Janet wa Ufaransa akauandikia kitabu kinene mwaka 1903. Kisha akaja Freud, ambaye mwaka 1909 alichapisha kisa cha kijana aliyeteswa na mawazo ya panya.

Kisa hicho kilisomwa dunia nzima, na kwa nusu karne wagonjwa wenye uwezo walilazwa kwenye makochi kusimulia utoto wao. Sioni sababu ya kuficha ninavyoamini: OCD ilipewa heshima kubwa katika vitabu vya Freud na wafuasi wake, na nafuu ndogo sana vyumbani mwao. Waliokata tamaa kabisa, baadhi yao walipasuliwa ubongo. Moniz, Mreno aliyeanzisha upasuaji huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Meyer alipompokea mwalimu mmoja wa shule. Mama huyu aliogopa uchafu kiasi kwamba maisha yake yote yalikuwa kunawa na kusafisha. Meyer alikuwa amesoma majaribio ya wanyama wa maabara waliojifunza kukwepa kitu cha kutisha. Wanyama hao waliendelea kukikwepa hata baada ya hatari kuondolewa, kwa kuwa hawakubaki mahali hapo muda wa kutosha kugundua kwamba pako salama. Akaona mgonjwa wake yuko katika hali hiyohiyo: ananawa kabla ya kugundua kwamba asiponawa hafi.

Basi maji ya chumbani kwake yakafungwa. Sabuni na vifaa vya usafi vikawekwa chini ya ulinzi wa wauguzi, nao wakawa naye muda wote alipokuwa macho. Hawakumfunga wala kumkaripia. Walimtia moyo na kumshawishi asifanye tendo lake. Hapohapo alitakiwa kugusa aliyoyaogopa: vitasa vya milango, midoli ya mtoto wake, usafiri wa umma. Mgonjwa wa pili, mwanamke aliyeandamwa na mawazo ya kufuru, naye alielekezwa kwenye yaleyale aliyoyakimbia, bila kuruhusiwa kuyafuta kwa tendo lake la kujikinga. Wote wawili walipata nafuu kubwa.

Wafuasi wa Freud hawakukubali. Kwao kunawa kulikuwa kifuniko cha chungu kinachochemka, na ukikiondoa kwa nguvu mgonjwa atazua dalili nyingine au atapoteza akili kabisa. Ugomvi huu haukuwa wa adabu. Tangu mwaka 1952 mwanasaikolojia Hans Eysenck, pale London, alikuwa ameandika kwamba tiba zao haziwashindi wasiotibiwa, na pande mbili hizo zilikuwa hazisikilizani. Jibu la Meyer lilikuwa hesabu. Mwaka 1974 yeye na wenzake walitoa taarifa ya wagonjwa 15: kumi walipona au kukaribia kupona, watano waliobaki walipata nafuu ya kiasi. Baada ya miaka mitano hadi sita, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wawili tu. Wendawazimu uliotabiriwa haukutokea.

Kazi ilihamia Hospitali ya Maudsley, London hiyohiyo, mikononi mwa Stanley Rachman na Isaac Marks, wote wawili wazaliwa wa Afrika Kusini. Mwaka 1972 Marks alianza kuwafundisha wauguzi kutoa tiba hii wao wenyewe. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko dawa ya klomipramini, iliyoonekana kusaidia tangu miaka ya 1960 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1989. Mtafiti Edna Foa na wenzake walipozishindanisha tiba hizo mbili mwaka 2005, asilimia 62 ya waliopewa tiba ya kukabili hofu waliitikia, dhidi ya asilimia 42 ya waliopewa dawa.

Kwetu Afrika Mashariki historia hii ni kama haijafika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016, unaotumika kuwafundisha watumishi wa zahanati zisizo na daktari wa akili, una sura za sonona, kifafa na ulevi, lakini OCD haina sura. Mgonjwa huzungushwa kwa mganga, kwa mchungaji, kwa maombi ya usiku kucha, na akifikishwa hospitali ya akili ya Mirembe, Mathari au Butabika amepoteza kazi na ndoa. Hii ni aibu, kwa sababu tiba iliyoanza kwa wauguzi na bomba lililofungwa haihitaji mashine. Inahitaji muuguzi aliyefundishwa, na wauguzi tunao.

Tunao na wengine wa kuanzia nao. Sheikh anayemwambia kijana, "Osha mara tatu, toka, ukaswali, na shaka ikija usirudi," tayari anafanya nusu ya kazi ya Meyer. Nusu ya pili ni kumwelekeza kliniki, na kukaa naye shaka inapomchemka mpaka itulie yenyewe. Wizara zetu za afya zingeweza kumkutanisha sheikh huyo na muuguzi wa wilaya katika semina ya siku moja.