Bao: gemu kali, fundi hajulikani

Wadau, kabla ya gemu za simu, barazani Bagamoyo bao lilishakuwepo. Mashimo 32, kete 64, watu wawili tu. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, ananamua moja moja. Utamu wote uko kwenye nyumba, lile shimo la mraba. Uiache ijae, au umwage kete zote ushambulie? Ukizubaa, mwenzako anaila. Hadithi nzima hiyo, bila picha.

Mwalimu Nyerere alilipenda sana. Ila aliyelibuni? Hakuna anayemjua. Kazi imedumu, jina limepotea.

We kijana unayetengeneza gemu zako geto bila bosi, jifunze hapo: mpe mchezaji kitu anachoogopa kukipoteza. Halafu andika jina lako.