Nafasi Sita

Kadi ya bima ya afya ya mtumishi wa umma Tanzania ina nafasi sita. Ya kwanza ni ya mchangiaji mwenyewe, ya pili ni ya mwenza wake, na nne zinazobaki ni za wategemezi: watoto, wazazi, au wakwe. Kwa mwalimu wa shule ya msingi katika kata ya Ikuti, wilayani Rungwe, hesabu hiyo huisha mapema. Akiwa na watoto watatu amebakiwa na nafasi moja, na wanaoiangalia wanaweza kuwa wanne: baba, mama, baba mkwe na mama mkwe. Mtoto wa nne akizaliwa, wazee wote wamekaa nje. Hakuna anayewaandikia barua kuwaambia. Siku mmoja wao anapopelekwa hospitali kwa presha ndipo inapojulikana kwamba jina lake halimo.

Nani alihesabu hadi sita akasimama? Swali hilo lina historia ndefu kuliko kadi yenyewe, na Rungwe imo ndani ya historia hiyo tangu mwanzo. Ni historia ya waajiri, wa kigeni na wa kwetu, kuamua ni mwili wa nani wanaoujibia, kwa miaka mingapi, na kwa magonjwa gani. Walioachwa nje ya hesabu walirudi kijijini, na kijiji kikalipa.

Tuanze na wanaume walioondoka. Tangu miaka ya 1920, Wanyakyusa walikuwa wakipanda kwenda kuchimba dhahabu Lupa, upande wa Chunya, na wengine wakavuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Baadaye wakaandikishwa pia kwenda mbali zaidi, Afrika Kusini, kupitia shirika la kuajiri wachimbaji la Witwatersrand ambalo watu walifupisha jina lake na kuliita Wenela. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, mahari nayo ilihitaji ng'ombe, na mshahara wa mgodi ulikuwa njia moja ya kupata vyote viwili.

Kabla ya kusafiri mtu alipimwa. Alipimwa uzito, akasikilizwa kifua, akaangaliwa kama anaweza kustahimili joto la chini ya ardhi. Mgodini kulikuwa na chakula, mahali pa kulala na hospitali. Ukitazama juu juu utasema haya ni mafao mazuri ya kazini, na kwa kijana aliyetoka mahali penye zahanati chache za wamisheni yalikuwa makubwa kweli. Lakini tukumbuke kilichotangulia. Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuajiri wachimbaji kutoka kaskazini ya nyuzi 22 kusini mwa ikweta, kwa sababu walikuwa wakifa kwa wingi, hasa kwa nimonia. Marufuku hiyo ililegezwa miaka ya 1930, migodi ilipohitaji watu tena. Vipimo na hospitali za mgodini viliambatana na hesabu hiyo: mfanyakazi aliyekufa njiani au aliyelala wodini miezi sita ni hasara.

Na mkataba ulikuwa na mwisho. Mchimbaji aliyepata kifua kikuu alirudishwa kwao. Vumbi la mawe lililokwisha kuingia mapafuni lilimsindikiza, kwa sababu ugonjwa wake huchukua miaka kujitokeza. Sheria ya fidia ya Afrika Kusini ilimpa mchimbaji mzungu pensheni, na mchimbaji mweusi ikampa fedha ya mara moja, kama aligunduliwa kabla hajaondoka. Aliyeanza kukohoa miaka mitano baadaye, amekaa chini ya migomba yake, hakuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Aliyemchemshia dawa alikuwa mke wake, na aliyemlimia shamba alikuwa ndugu yake.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao pamoja, wakala pamoja na kusaidiana kulima. Walilitilia maanani sana neno la Kinyakyusa *ukwangala*, kufurahia kuwa pamoja na wenzako. Watafiti wengi wameusoma utaratibu huo kama mila. Ukiutazama kwa macho ya hesabu za migodi, utaona pia kwamba ulibeba gharama ambayo mwajiri hakuilipa. Mshahara wa mgodini uliweza kuwa mdogo kwa sababu utoto, ugonjwa wa muda mrefu na uzee wa mfanyakazi vilihudumiwa mahali pengine.

Ndani ya Tanganyika mambo yalikuwa na sura inayofanana. Sheria za kazi za kikoloni zilimtaka mwajiri wa vibarua wa mkataba awape posho ya chakula, malazi na matibabu. Mashamba makubwa yakajenga zahanati. Huko Mufindi, kampuni ya chai ilifika hadi kuwa na hospitali, Lugoda. Rungwe nako kulikuwa na chai. Miche ya kwanza ilipandwa Kyimbila mwaka 1904, wakati wa Wajerumani. Lakini baada ya uhuru chai ya Rungwe ilienea zaidi kupitia wakulima wadogo. Mamlaka ya Chai iliundwa mwaka 1968, viwanda vya Katumba na Mwakaleli vikahudumia majani ya wakulima hao, na ubinafsishaji ulipofika vikawa chini ya kampuni ambayo wakulima wenyewe walipewa sehemu ya hisa. Ni hatua ya kujivunia. Ila ina upande mwingine: mkulima mdogo anauza majani, hajaajiriwa. Mgongo unaouma baada ya miaka 30 ya kuchuma chai au kubeba mikungu ya ndizi ni mgongo wake mwenyewe.

Uhuru ulibadilisha swali. Serikali ya Tanganyika ilisitisha uandikishaji wa watu kwenda migodi ya makaburu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu hayakutakiwa tena kutegemea una mwajiri gani. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa vijijini, huduma ikawa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku. Kwa mara ya kwanza katika historia hii mzee wa kijijini na mfanyakazi mwenye mshahara walikuwa, kwa sheria, na haki moja ya kutibiwa. Hakuna aliyehesabu hadi sita.

Wengi wetu tuliozaliwa baada ya hapo tunausikia wakati ule kupitia wazazi, na simulizi zao zinapishana. Mmoja anakumbuka sindano bila malipo, mwingine anakumbuka kituo chenye mganga lakini hakina dawa. Wote wako sahihi. Bei za mazao ziliporomoka, mafuta yakapanda, vita ya Kagera ikala fedha, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 nchi ilikuwa mezani na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hospitali binafsi zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada, na neno jipya likaingia kwenye lugha yetu ya afya: kuchangia.

Ni kutoka kwenye neno hilo ndipo kadi ilipozaliwa. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999 na huduma zikaanza mwaka 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3. Kwa wasio na mshahara kukawa na Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa kwanza Igunga katikati ya miaka ya 1990 na kuwekewa sheria mwaka 2001. Mfuko huo ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango wa mikoani uliwekwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Sita tena.

Idadi hiyo ina mantiki ya kihasibu. Mfuko ukijua kila mchango unabeba watu wangapi, unaweza kukadiria matumizi. Shida ni kwamba familia inayofikiriwa hapo ni baba, mama na watoto wachache, na kaya za Rungwe hazikuanza kuishi hivyo siku sheria ilipopitishwa. Mwalimu wa Ikuti hana mshahara wa watu sita. Ana mshahara ambao ukoo mzima unaujua tarehe yake.

Tena kadi inapungua kadiri mtu anavyozeeka. Mtumishi akistaafu, mfuko unaendelea kumtibu yeye na mwenza wake bila makato, jambo ambalo nchi nyingi hazina. Wategemezi wengine wanatoka. Mama wa mwalimu aliyebahatika kuingia kwenye nafasi ya sita anaipoteza siku mwanawe anapofikisha miaka 60, yaani yeye mwenyewe akiwa na miaka 80 hivi, umri ambao hospitali ndipo inakuwa safari ya kila mwezi.

Miaka ya karibuni imeongeza ubanaji mwingine. Mwaka 2016 ilianzishwa Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na watu waliitumia kuwaingiza watoto wa ndugu waliokosa nafasi. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa. Mfuko ulieleza kwamba wengi waliletwa wakiwa tayari wagonjwa na michango haikukidhi gharama. Machi 1, 2024 kitita kipya cha mafao kilianza kutumika, na hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikatangaza kuacha kupokea kadi za mfuko, zikisema bei mpya ziko chini ya gharama zao. Mfuko ulisema bei zilipitiwa upya ili usifilisike. Pande zote mbili zilikuwa na hesabu za kuonyesha. Mwenye kadi alibaki mapokezi, makato yake ya mwezi yakiwa yameshatoka.

Walioajiriwa na kampuni binafsi wana masimulizi yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miaka mitatu, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Anayemlipia matibabu ndani ya siku hizo ni suala jingine. Kampuni zinazonunua bima ya biashara hufanya mkataba upya kila mwaka, na bei ikipanda zina njia chache: kuongeza sehemu ya mfanyakazi, kushusha kikomo cha matibabu kwa familia, kuondoa wazazi, kuondoa miwani na meno. Mshahara haujaguswa, kwa hiyo hakuna anayesema umepunguzwa.

Hatuko peke yetu. Marekani ilifika kwenye bima ya mwajiri karibu kwa ajali: mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ilizuia mishahara kupanda, na waajiri waliotaka kuvutia watu wakawapa bima badala yake. Miaka 80 baadaye Wamarekani wengi bado wanaogopa kuacha kazi kwa sababu ya kadi. Kenya, tangu Oktoba 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake ghafi bila kikomo cha juu, wakati mfuko wa zamani haukuzidi shilingi 1,700 za Kenya kwa mwezi. Mwajiri wa Kenya hatakiwi kuongeza chochote.

Kwetu, Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, baada ya muswada wake kusogezwa mbele zaidi ya mara moja. Wakati huo takwimu za serikali zilionyesha takriban asilimia 15 tu ya Watanzania ndio wenye bima yoyote. Mjadala ulikwama hasa kwenye swali la nani atawalipia wasio na uwezo. Kiwango kilichotajwa hadharani mwaka 2022 kilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka, kwa kaya ya watu sita.

Sipingi bima. Anayepinga bima na akae nje ya wodi ya hospitali ya wilaya, Makandana, asubuhi moja aone watu wanavyopigiana simu kutafuta fedha ya upasuaji, au asubiri na mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Mbeya na ndugu zake wanahesabu nauli. Kuchangia pamoja kabla ya ugonjwa ni jambo ambalo vijiji vyetu vinalielewa vizuri: vikundi vya kufa na kuzikana vinafanya hivyo hivyo, vina daftari, mweka hazina na faini kwa anayechelewa. Ila havimwambii mtu kwamba mama yake amezidi idadi.

Kinachotakiwa kujadiliwa, na sisi tunaoanza kazi sasa ndio wa kukijadili, ni nani anaandika orodha na nani anabeba walio nje yake. Chama cha wafanyakazi kinapokaa na mwajiri, nafasi za wazazi ziwe mezani pamoja na asilimia za mshahara. Mfuko unapopandisha au kupunguza mafao, mwanachama aambiwe kabla ya kufika mapokezi. Na anayepanga kaya ya watu sita aseme wazi wa saba atatibiwa kwa fedha ya nani, kwa sababu Rungwe jibu linajulikana tangu enzi za Wenela. Atatibiwa na watu wa nyumbani kwake, kwa ndizi zilizouzwa mapema na ng'ombe aliyetolewa zizini, na gharama hiyo haitaandikwa popote.